Kuhama Nakuru kwenda Kisumu: mjini, Ahero au Kiboswa?

Dada, umesema shemeji amepata kazi Kisumu, mna mtoto wa miezi minne, na hamjui mkae mjini, Ahero au Kiboswa. Tena umeuliza kama tangi lenu la lita 1,000 mliuze. Njia hiyo nimeipita mwenyewe: Kiamunyi hapo Nakuru miaka sita, Nyamasaria, mtaa wa Kisumu mjini, miwili, na sasa Kiboswa, huku juu mpakani na Vihiga, huu ni mwaka wa nne.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonidanganya. Nyamasaria nilikuwa nalipa 13,000 kwa vyumba viwili. Kiboswa nikapata vya ukubwa uleule kwa 8,000, nikarudi nyumbani kifua mbele kumwambia mama watoto tumeokoa elfu tano kila mwezi. Sasa, mimi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi Kisumu mjini, siku 26 kwa mwezi. Nauli mia kwenda, mia kurudi. Piga mwenyewe: 5,200. Hapo bado mvua haijanyesha jioni makanga wakapandisha hadi mia na hamsini, na bado sijachelewa kufunga duka nikapanda boda gizani kutoka Mamboleo, mtaa wa Kisumu ulio njiani kuja Kiboswa. Anayekwambia mji mdogo ni rahisi, muulize kwanza anafanyia kazi wapi. Mwenye kibanda chake palepale sokoni Kiboswa anaokoa kweli. Mimi sikuokoa hata shilingi.

Mbona basi sijarudi mjini? Joto, dada. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130 na kidogo. Ninyi mmezoea blanketi mbili. Nyamasaria tulikuwa tunaamka usiku kumpepea mtoto, shingo yote vipele. Kiboswa ni juu, ukishapita kile kilima baada ya Mamboleo unasikia hewa imebadilika, na usiku blanketi linarudi kitandani. Pia nyuma ya nyumba nina kipande cha shamba, kunde na mrenda sinunui. Hayo ndiyo ninayolipia ile nauli.

Lakini usidhani baridi ya Kiboswa inafukuza mbu. Ukanda huu wote wa ziwa ni wa malaria, Vihiga ikiwemo, na anayetoka Nakuru mwili wake haujaizoea. Mwaka wangu wa kwanza niliugua mara tatu, huku majirani wakinicheka kwamba damu yangu bado ya baridi. Mtoto wenu ana bahati ya umri. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Magharibi mwaka 2019, na ratiba yake ni miezi 6, 7, 9 na 24. Mkifika, pelekeni kijitabu chake kliniki muulize kabla hajatimiza sita. Chandarua kiwe tayari usiku wa kwanza, msingoje mizigo ipangwe. Na homa yoyote, akapimwe siku hiyohiyo.

Ahero sitakuficha, singepeleka mtoto mchanga huko. Watu wake ni wazuri na mchele uko mlangoni, lakini tambarare ya Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi, Mto Nyando ukifurika maji hayana pa kwenda, na mashamba ya mpunga ni kitalu cha mbu. Nyamasaria kwenyewe, ambako ni mjini, nimewahi kutoka nyumbani suruali nimeikunja hadi magotini. Mkichagua mjini, tazameni upande wa kupanda, Mamboleo na Kajulu, mziepuke sehemu za bondeni hata kama kodi inavutia.

Maji nayo. Kiamunyi tulikuwa tunakunywa ya kisima kirefu, na kifungua mimba wangu meno yake yametoka na madoa ya kahawia. Ni floridi, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Sisi tulikuwa tunayachemsha tukidhani tumemaliza kazi, kumbe kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua na floridi inabaki ileile. Inachujwa kwa mkaa wa mifupa, jambo nililojua kwa kuchelewa. Huyo mdogo wenu meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, kwa hivyo kwa hilo mnahama wakati mzuri. Maji ya bomba ya Kisumu yanatoka ziwani na Mto Kibos. Shida yake ni nyingine: yanakatika, na mtaa ukikauka watu wanakimbilia visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo. Hayo ndiyo ya kuchemsha.

Ningekuwa ninyi ningepanga Mamboleo miezi mitatu. Shemeji aijue kazi yake kwanza, anatoka saa ngapi, ana zamu za usiku au la. Akiwa anatoka saa kumi na moja, Kiboswa inawezekana. Akiwa anatoka saa tatu usiku, itakuwa wewe na mtoto peke yenu jioni zote, na yeye barabarani. Jumamosi moja pandeni Kiboswa mwangalie nyumba, lakini si asubuhi. Nendeni alasiri, mvua za huku hupenda saa hizo, mtaona paa linavuja wapi na njia inageuka nini. Mwulizeni jirani kuhusu maji, si keateka anayemtunzia mwenye nyumba.

Tangi msiuze. Kiboswa mvua ni nyingi, na nyumba niliyopanga ilikuwa na paa zuri la mabati bila hata mfereji mmoja wa kukinga maji. Niliomba ruhusa, nikafunga mifereji kwa gharama yangu, mwenye nyumba akanirudishia nusu ya gharama hiyo kwa kuikata kwenye kodi. Langu niliuza Nakuru kwa bei ya kutupa nikanunua jingine hapa, mama watoto bado ananikumbusha. Lorry ya kuhamisha mnalipa hata hivyo, na tangi tupu halina uzito. Lijazeni nguo.