Look after, look for, look at: ipi ni ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tangazo la kazi ya yaya limeandikwa "look after two children". Dada angu anasema ni kutafuta watoto, mi naona ni kuwafuata nyuma. Tusaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo ni kulea, kuwaangalia wasipate shida. Kutafuta ni "look for", mfano funguo zimepotea unasema "I'm looking for my keys". Kutazama ni "look at", na hiyo "at" wengi wetu tunaiacha tunasema "look me", sababu Kiswahili ukisema niangalie basi imetosha, yule mtu yumo ndani ya kitenzi, ila Kiingereza lazima "look at me". "Look into" ni kuchunguza jambo, kama malalamiko ya mteja.

Ila inayosumbua hadi wasomi ni "look forward to", yaani kusubiri kitu kwa hamu, maana baada ya hiyo "to" huweki "see", unaweka "seeing": "I look forward to seeing you". Barua kibao za kuomba kazi zinaharibikia hapo, mstari wa mwisho kabisa, inauma kweli! Mwambie dada aizingatie anapoandika yake, na asikariri "look" peke yake, akariri sentensi nzima.