Mkonga wa Tembo Uliokatikakatika: Usikimbilie Kulaumu Mkono Wako

Nilikuwa nachora tembo wa hadithi ya watoto kwenye Adobe Animate, programu ya kuchora na kuhuisha katuni, na kila siku mkonga wake uliniharibikia. Nauchora umepinda vizuri, naupitisha mbele ya mguu, nabofya pembeni. Nikirudi kuuvuta kidogo, kipande kimoja kinachomoka kama kiwiko, kingine kimebaki palepale. Niliamini mkono wangu unatetemeka, hata nikabadilisha kalamu ya tableti. Tatizo halikuwa kalamu.

Kwenye leya (tabaka la mchoro) moja, katika hali ya kawaida ya programu hii, maumbo mawili yakikutana hayalaliani kama karatasi juu ya karatasi. Yakiwa na rangi moja yanaungana. Rangi zikitofautiana, la juu linalikata la chini, na ukija kuliondoa unakuta shimo. Mistari nayo hukatwa kila inapopishana. Kwa hiyo mkonga niliouona kwa macho kuwa mstari mmoja ulikuwa vipande vitano, na nilipovuta kimoja, vingine havikufuata. Kuna wachoraji wanaoipenda hali hii kwa sababu inarahisisha kukata maumbo, nami huitumia kuchonga vivuli. Kwa viungo vya mhusika, hapana.

Chukua kifaa cha kuchorea, kisha bonyeza herufi J. Kuanzia hapo kila umbo linajitegemea hata likipita juu ya jingine. Uwezo huu ulikuja na Flash 8 mwaka 2005, kabla programu haijaitwa Animate. Kama umeshachora bila J na umbo bado halijagusana na jingine, lichague lote, ubonyeze Ctrl+G liwe kundi. Ila angalia: ukibonyeza Ctrl+B (amri ya kuvunja kundi) juu yake, linarudi kukatana na majirani kama mwanzo.

Kwa kitu chochote kitakachotembea, mimi siku hizi sitegemei J peke yake. Mkonga una leya yake, sikio lina yake, kila mguu una yake. Siku ya kuvipa mwendo utalazimika kuvitenganisha vyovyote vile, kwa nini usubiri?

Kuna jambo la pili, na hili lilinichelewesha zaidi kuligundua. Jicho nililochora nikiwa nimepunguza mwonekano wa ukurasa hadi asilimia 50 lilitoka na pembe. Nilipokuza hadi asilimia 400, mkono uleule ukatoa jicho laini. Angalia pia penseli yako imewekwaje: ikiwa kwenye hali ya kunyoosha mistari, itakunyooshea na mipindo uliyoikusudia.

Mchoro ukishaharibika, usiulainishe mara kumi ukitumaini utarudi. Kila ukiulainisha, umbo linasogea mbali na ulilochora. Mkonga wangu niliufuta wote, nikauchora upya kwenye leya yake, kwa mstari wenye nukta nne tu za kuupindia.