Usimfiche mgeni wako, mpeleke akajiandikishe

Juzi kijana mmoja wa Lamu kaniandikia inboksi. Asema mjombake ni mtu wa upinzani Tanzania, amevuka, sasa yuko kwao Langoni wiki ya pili hatoki nje ila usiku, na nyumba nzima hawajui wafanye nini. Kaniuliza mie manake alisikia niliwahi kukaa na mtu kama huyo. Ni kweli nilikaa naye. Na niliposoma ule ujumbe roho ilinidunda kwa sababu wanalofanya wao ndo lilelile nililofanya mie.

Uchaguzi wa Tanzania wa 28 Oktoba 2020 shemegi yangu, binamuye mke wangu, aligombea kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, chama cha upinzani, huko Pemba. Si mtu wa jina kubwa na simtaji. Baada ya matokeo wenzake wakaanza kukamatwa, yeye akawa analala nyumba hii leo kesho ile, halafu akapanda mashua ya wavuvi. Alfajiri moja nasikia hodi, Shela hapa (Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu), nafungua namuona amesimama na kikapu, pindo la kanzu limekauka chumvi ya bahari mpaka limekuwa gumu, miguuni ndara mbili zisizofanana. Mke wangu akampa chai na mahamri. Akala matatu bila kusema neno, la nne akalishika tu mkononi mpaka likapoa.

Sasa mie nilijiona najua mambo haya. Malindi mkimbizi si mtu mgeni, miaka ya 90 tulikuwa na kambi ya Marafa ya ndugu zetu waliotoka Somalia, na Januari 2001 watu walipopigwa risasi Pemba wenzao kama elfu mbili walivuka na mashua mpaka Shimoni, nakumbuka tulichanga nguo msikitini. Kwa hivyo nikasema huyu atakaa kwangu, akiulizwa ni mvuvi wa dago, wale wapigao kambi ufukweni msimu wa uvuvi, Wapemba wako tele Mayungu nani atamjua? Nikampa chumba cha nyuma. Nilidhani ndo ninamlinda.

Siku zile zile Godbless Lema, aliyekuwa mbunge wa Arusha Mjini, alivuka mpaka na mkewe na watoto wao watatu wakashikwa Kajiado. Sisi tukaambizana umeona, ukijitokeza washikwa! Lakini hatukufuatilia mwisho wake. Wakili wake alikuwa Wajackoyah, huyuhuyu aliyegombea urais kwetu 2022, akasimama akasema huyu mtu aomba hifadhi, dunia nzima ikajua yuko wapi, na hakurudishwa. Mwaka haujaisha yuko Kanada na watoto wake. Machi 2023 akarudi kwao Arusha mchana kweupe. Wa kwangu aliyejificha alipata nini? Godoro na feni.

Tena kuna jamaa akanambia ana njia ya kumpatia karatasi, 30,000, nusu kwanza. Nikatoa 15,000 za kodi ya nyumba, na yule jamaa sijamtia machoni mpaka leo. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja, lakini mwezi ule tulikula mchuzi wa dagaa usiku na mchana, na shemegi akiuona akiinamisha kichwa.

Kilichotutoa ni picha. Alichoka kufungiwa ndani, jioni moja akatoka mpaka nguzo ya Vasco da Gama akajipiga picha akaitia Facebook, aliandika tu "alhamdulillahi". Kesho yake imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya kwao, na baada ya siku mbili watu nisiowajua wamulizia sokoni kwa jina lake. Usiku ule sikulala wallahi. Asubuhi tukapanda matatu kwenda Mombasa kwenye ofisi ya wakimbizi, ishakuwa Januari, na ofisa akatuuliza swali moja: siku zote hizi mlikuwa wapi?

Sheria yetu yampa mtu siku 30 tangu aingie kwenda kusema nataka hifadhi. Sisi tulikuwa tumepita 60. Wakamwandika, wakampa tarehe ya kurudi, lakini maswali yalikuwa mazito manake Disemba chama chake kishaingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar na Maalim Seif, kiongozi wao, kaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wamkimbia nani na kiongozi wako yuko ndani? Angeandikwa Novemba, wakati wenzake wako korokoroni, swali hilo lisingekuwepo.

Tarehe 17 Februari 2021 tukasikia redioni Maalim Seif amefariki. Shemegi alilia kama mtoto, na siku ya tatu akasema aenda kuzika huzuni yake kwao. Akaenda. Miezi mitatu chini ya paa langu, na hata "nimefika" sikuipata kwake, niliipata kwa watu. Bado yaniuma.

Kwa hivyo kijana wa Lamu, na nyote mnaosoma hapa mnaotaka siku moja kusimama na watu wenu, maana najua mwataka: mtu wenu apelekwe. Asikae ndani. Apelekwe na wakili, Kituo cha Sheria wapo, hao watoa msaada wa kisheria, MUHURI wa haki za binadamu wapo Mombasa, aseme mapema na aseme ukweli wote na tarehe zake. Broka msimpe hata shilingi. Simu aiweke kimya, asipige picha, manake hata ndani ya Kenya si salama vile, Besigye, mpinzani mkubwa wa Uganda, alichukuliwa Nairobi Novemba 2024 akaja kuonekana mahakama ya kijeshi Kampala, na yule ni Besigye! Mtu asiyejulikana yuko wapi akichukuliwa nani atauliza? Ndo mana nasema aandikwe. Na msiogope kuwa mwaikosea Tanzania, mkataba wa wakimbizi wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa zamani, wa 1969 wasema wazi kumpa mtu hifadhi si uadui kwa nchi alikotoka. Baada ya uchaguzi wa Tanzania wa 29 Oktoba 2025, watu walivyouawa na intaneti kuzimwa, watakuja wengine na watagonga milango yetu hii hii ya pwani, tuwapokee vizuri kuliko nilivyompokea wangu.

Mjombako ana siku 14 tangu aingie, umenambia mwenyewe. Namba ya wakili nimekutumia, mpigie leo, msingoje Jumatatu.

Na wewe shemegi kama wasoma haya, namba yangu ni ileile.