Keki imeshaliwa ndo MC anatangaza: maswali yenu ya DVD na sauti

SWALI: Shikamoo fundi. Nina DVD ya harusi ya dada yangu, nimeigeuza iwe MP4 niwatumie ndugu kwenye simu. Mwanzo iko poa kabisa ila kadiri inavyoenda sauti inabaki nyuma, tukifika kwenye keki watu washalishana ndo MC anasema "sasa tunakata keki". Nifanyeje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Kwanza rudisha DVD kwenye deki uangalie hapohapo kwenye keki, maana kama na kule imeachana basi alieharibu ni aliyeedit na kompyuta yako unaionea bure.

Kama kule iko sawa, basi tatizo limetokea wakati wa kugeuza. Sauti inayozidi kuachana taratibu maana yake picha na sauti zinakimbia spidi tofauti. Video zetu nyingi za harusi ni PAL, fremu (picha mojamoja) 25 kwa sekunde, ndo mfumo wa TV uliokuwa unatumika huku, sasa kuna programu zimesetiwa kimarekani 29.97 na zile za hovyo hazibadilishi vizuri, zinabandika tu namba mpya alafu sauti inaachwa ilivyo. Sababu nyingine ni kugeuza mafaili ya VOB (yale yanayobeba video ndani ya DVD) moja moja kisha kuyaunga, DVD inakatwa vipande visivyozidi GB 1 na kila kiungo unachounga mwenyewe ni nafasi ya kosa kuongezeka.

Kwaiyo rudia, usianze kurekebisha ile MP4 wakati DVD unayo. Itoe nzima kwa MakeMKV, programu ya kunakili DVD, upate faili moja, hilo ndo ulipeleke HandBrake, programu ya kugeuza iwe MP4. Kwenye fremu chagua ibaki kama ya chanzo, na uweke tiki pale pa spidi isiyobadilika (constant), hasa kama baadae utaiedit, maana programu nyingi za kuedit zikipewa fremu zinazopanda na kushuka zinachanganyikiwa.

Kama DVD ilishapotea, hapo ndo hesabu. Tafuta tukio linaloonekana na kusikika, makofi au shampeni ikifunguka, mwanzoni na mwishoni, upime sauti imechelewa kiasi gani. Tuseme video ni sekunde 3600, mwanzo hamna tofauti, mwisho sauti imechelewa sekunde 4, basi gawanya 3604 kwa 3600 upate 1.0011, hiyo ndo namba ya kuweka kwenye atempo, amri ya kubadili spidi ya sauti kwenye programu ya ffmpeg, itaikimbiza sauti kidogo bila kuifanya iwe nyembamba. Ukikuta saa nzima imeachana kama sekunde 3 na nusu hivi, karibu hakika mtu kachanganya 30 na 29.97.

SWALI: Asalaam aleikum. VCD zangu za taarabu nimezihamisha kwa laptop, sauti yatangulia kidogo tu, toka mwanzo mpaka mwisho vilevile. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam. Wewe una nafuu, hamna cha kugawanya. Fungua kwa VLC, bonyeza K, kila mbonyezo unaichelewesha sauti milisekunde 50, ukizidisha rudi na J. Midomo ikikaa sawa soma namba, lakini VLC inarekebisha kwa kutazama tu, faili lenyewe halijabadilika, kwaiyo namba hiyo iandike kwenye sehemu ya delay (kuchelewesha) ya programu ya MKVToolNix kwenye mstari wa sauti, utoe faili jipya. Picha haiguswi wala haipungui ubora.

Ila ukitaka kuzichoma tena ziwe DVD angalia kitu kimoja, sauti ya VCD ni 44.1 kHz (sampuli za sauti 44,100 kwa sekunde) na DVD inataka 48. Ibadilishe kweli kweli, ukibadilisha namba iliyoandikwa tu mwimbaji atakimbia kama anafukuzwa.

SWALI: Yangu inaruka, sauti iko sawa, ghafla imeachana, inakaa hivohivo mpaka inaruka tena. Nimeambiwa nipake dawa ya meno. Msomaji, Mwanza.

JIBU: Dawa ya meno weka pembeni, ina chenga zinazoongeza mikwaruzo. Hapo inaporuka ndipo diski haisomeki, fremu zinapotea na sauti inabaki. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, alafu ujaribu kwenye draivu ya mtu mwingine kwa spidi ndogo. Isiposomeka, kata video kila inaporuka na usogeze sauti ya kila kipande peke yake.