Barua Zenu: "Barua yangu ina kosa gani?"

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni katibu wa SACCOS ndogo hapa Morogoro. Niligawa barua 180 kuita mkutano mkuu. Saa nne asubuhi walifika 23. Wengine wakaja jioni, tumeshafunga. Jumatatu yake wanachama wawili walikuja kutaka kutoa akiba zao, hawakutaka kusema kwa nini. Mwenzangu anasema nitumie maneno mafupi. Barua yenyewe hii:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kufuatia kutotimia kwa akidi katika mkutano uliopita, mnataarifiwa kuwa mkutano mkuu utafanyika Jumamosi tarehe 14, saa 10:00, ofisini, ambapo pamoja na mambo mengine suala la thamani ya hisa litajadiliwa. Atakayeshindwa kuhudhuria bila taarifa atachukuliwa hatua stahiki."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekuwa katibu muhtasi miaka 31, na hiyo "husika na kichwa cha habari" nimeichapa tangu enzi za taipureta. Sijawahi kumwona hata mmoja aliyehusika.

Sikuipima barua yako mwenyewe, maana mimi lugha ya ofisi nimeizoea mno. Nilimpelekea jirani yangu, fundi cherehani, naye ana SACCOS yake. Sikumwuliza kama ameelewa. Mtu mwenye adabu ukimwuliza hivyo atakwambia ndiyo, hata kama hajaambulia kitu. Nilimwuliza, "Wanataka ufanye nini?" Akasema, "Wananitisha." Nikauliza, "Uende saa ngapi?" "Saa kumi jioni." Basi waliokuja mmefunga hawakuchelewa. Wewe uliandika saa ya kompyuta, wao wakaisoma kwa Kiswahili.

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hizo pesa zimeliwa?" Pesa zipi? Akaniwekea kidole kwenye "kutotimia kwa akidi", yaani idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali. Alidhani mchapaji amekosea herufi mbili, akasoma *akiba*. Mwanachama wa SACCOS akisikia akiba haijatimia, unategemea afanye nini? Sina hakika na wale wawili wa Jumatatu, lakini ningekuwa wewe ningewafuata leo hii niwaulize.

Ushauri wa maneno mafupi una asili yake. Mwaka 1948 mtaalamu wa uandishi, Rudolf Flesch, alitoa kanuni ya kupima wepesi wa maandishi kwa kuhesabu silabi za maneno na urefu wa sentensi. Ila aliitunga kwa Kiingereza. Kwetu "aliyekukopesha" ina silabi saba na kila mama wa sokoni anaijua. "Akidi" ina tatu, na ndiyo imekuponza.

Ile "pamoja na mambo mengine" ifute. Hatua stahiki nazo, mwanangu, utamchukulia nani? Watu 157?

Ningeandika hivi:

"Ndugu mwanachama, mkutano mkuu uliopita haukufanyika kwa sababu hatukufika watu wa kutosha. Akiba zenu ziko salama. Tutakutana Jumamosi tarehe 28, saa 4 asubuhi, ofisini kwetu. Tutapiga kura kuamua kama bei ya hisa moja ipande kutoka shilingi 10,000 hadi 15,000. Ukipata udhuru, tupigie simu kabla ya Ijumaa."

Tarehe na bei nimebuni, weka zako. Hiyo ya akiba iandike tu kama ni kweli, na mhasibu awe ameiona.

Nayo nilimpelekea fundi. Siku na saa alizitaja bila kurudi kwenye karatasi. Ila aliuliza, "Hisa ikipanda, mimi mwenye hisa za zamani naongeza pesa au siongezi?" Nilishindwa kumjibu, maana hata barua yako ya kwanza haikugusia. Ulizia kwenye bodi, uandike jibu lake kabla hujatoa nakala.