Mjomba, tutavukaje usiku wa mwaka mpya?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Wanangu wawili wameng'ang'ania twende Mama Ngina, ile bustani ya ufuoni kisiwani Mombasa, kuangalia fataki za mwaka mpya, na mamangu naye asema hakubali kuachwa. Twakaa Likoni, ng'ambo ya feri. Nikikumbuka umati wa sherehe za Siku ya Mashujaa ya 2019 palepale, moyo wanienda mbio. Tutarudi vipi?
Mama Wawili, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenda si kazi. Kazi ni kurudi, kwa sababu fataki huwaishia watu wote dakika moja, na wa ng'ambo wote huelekea lango moja. Nimefanya kazi kwenye feri mpaka nikastaafu, na nakwambia maji hayamcheleweshi mtu. Lango ndilo linalochelewesha. Watu na magari sharti washuke kwanza ndipo wengine wapande, na ule mteremko hauongezeki upana kwa kuwa ni sikukuu.

Basi fataki zikiisha, msiinuke. Tandika leso chini ya mbuyu, toa mahamri, mmiminie bibi chai ya chupa. Wacheni wenye pupa watangulie.

Nilijionea haya Machi 24, 2007, ubingwa wa dunia wa mbio za nyika ulipofanyika uwanja wa gofu, hapo jirani. Jua lilikuwa kali hata Kenenisa Bekele akaacha mbio, akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Mbio kwisha tu, kituo cha Feri kikafurika. Waliobaki wakinywa madafu walivuka baadaye bila kukanyagwa kidole.

Nyinyi hamna haja ya matatu. Tembeeni polepole mpaka Feri, na wa miguu halipi. Wa Kisauni na Bamburi, upande wa kaskazini, ndio nawahurumia. Hao afadhali watembee mpaka Posta mjini wakapande matatu huko, maana usiku kama huo magari hugeuzia njiani, na makanga akiona watu wana haraka, nauli hupanda. (Wenye gari wana barabara ya Dongo Kundu siku hizi, isiyopitia feri, lakini kwa mtu wa Likoni huko ni kuzunguka bure.)

Mkishapanda, bibi asiende orofa ya juu. Ngazi hizo zina msukumano. Simameni ubavuni, mbali na mlango. Mlango ukishuka, msikimbie. Na mkiiona feri imejaa pomoni, ngojeni nyingine, hata watoto wakilia. MV Mtongwe iliyopinduka Aprili 29, 1994 ilikuwa ya watu 300, ikapakia zaidi, wakafa 272. Sisi wa feri hatuna mzaha na hilo.

Watoto waandikie nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, kabla hamjatoka nyumbani. Na bibi pia, hata akinuna.