Boti Ilifika

Wahariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: “Mtu anayefichua hatari inayogusa usalama wa nchi au maisha ya raia, sheria imlinde hata kama ametoa siri ya kazi?” Nililisoma kwenye simu nikiwa na madumu kwenye foleni ya maji, hapa Ndosho, Goma, na jibu lilinitoka kabla sijafika kwenye bomba: alindwe, bila masharti yoyote, na aliyemtesa ndiye aburutwe mahakamani. Huu ni usiku wa tatu ninaandika, na nimeshafuta hilo jibu mara mbili.

Mifano mliyotoa ni ya mbali. Wamarekani wawili: Ellsberg na makaratasi ya siri ya vita vya Vietnam mwaka 1971, Snowden na siri za upelelezi mwaka 2013. Hao walikuwa na siri kweli, zenye muhuri, zilizofungiwa kabatini. Hapa Goma siri inayoua watu haina kabati. Boti ikipakia kupita kiasi kwenye bandari ya Kituku, anajua mama muuza ndizi, anajua mwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao, anajua mtoto anayeuza maji ya sashe, na abiria mwenyewe anajua kwa sababu amekaa juu ya goti la mwenzake. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kuiandika ile idadi na kutia saini chini yake. Kwa hiyo mnisamehe, nitajibu habari za huyo mtu mmoja. Nilimjua.

Mimi nilikuwa mwandishi wa manifesti kwenye boti moja. Sitaitaja boti, wala mwenyewe, wala ofisi. Manifesti ni karatasi ya majina ya abiria, na kila jina lina kodi yake. Jina lisiloandikwa halina kodi: nauli yake inaingia moja kwa moja kwa patroni, yaani mwenye boti, na mimi mwandishi nakatiwa kidogo. Karatasi za boti ziliruhusu watu 60. Kila safari patroni alikuwa akiniambia maneno yale yale, “Usipitishe makumi sita,” naye alikuwa na maana ya karatasi. Watu hakuwa na habari nao.

Ajenti wa serikali aliyekuwa anakagua zamu yetu alikuwa mtu wa makamo, shati la kazi limefuliwa mpaka kola imegeuzwa upande wa ndani ukawa wa nje. Ajenti wengine walikuwa wanasoma idadi niliyoandika, wanasaini, wanapewa ya chai. Huyu alisimama kwenye ubao wa kupandia na mahindi makavu mfukoni. Kila watu kumi wakipita, punje moja inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto. Nilimuuliza siku moja kwa nini mahindi, akasema zamani alitumia karanga, akajikuta anakula abiria.

Ilikuwa Agosti 2022, Jumamosi, boti inaelekea pwani ya kusini ya Ziwa Kivu. Chini tulipakia saruji na sukari. Juu, kreti za bia na magodoro yamefungwa kwa kamba. Mtu yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa hili anajua ubaya wa mzigo wa juu: boti inakuwa kama mama aliyebeba beseni kubwa kichwani, akiitwa jina akageuka ghafla, beseni linamvuta. Na abiria wakiona pwani wanasogea wote upande mmoja.

Watu walipanda kuanzia saa kumi alasiri mpaka giza likaanza. Yeye amesimama pale pale, hazungumzi, mkono mfukoni. Karibu na mwisho likaja kundi la wanajeshi na masanduku yao. Hawakulipa na hakuna aliyewauliza, maana hiyo ni kawaida. Nao aliwahesabu. Alipomaliza aliniomba kitabu changu, akatazama: 58. Akatoa punje za mfuko wa kushoto akazipanga juu ya jalada la kitabu, moja moja, bila haraka, kama mtu anayerudisha chenji. Zilikuwa 14. Akaonyesha vidole sita juu yake.

“Papa, mia moja makumi ine na sita,” akaniambia. “Na jile nimeona makumi mbili.” Jile ni yale majaketi ya kuokolea mtu majini.

Alikataa kusaini. Patroni akapiga simu, simu ikapita mikononi mwa watu wanne, mkubwa wa wale wanajeshi akashuka kuuliza kwa nini wanacheleweshwa, na boti ikang’oa bila saini. Taa yake niliitazama mpaka ikawa sawa na taa za wavuvi wa sambaza.

Saa tatu usiku alinifuata nyumbani. Alikuwa ameandika barua kwa mkono, nakala tatu, mwandiko wa shule ya zamani. Nilisoma kwa tochi ya simu. Abiria 146, ruhusa 60, manifesti 58, jile 20, mzigo juu ya paa, miongoni mwa abiria wanajeshi 11 wasiokuwa kwenye orodha. Chini ameacha mistari miwili, wake na wa shahidi. Alitaka niweke jina langu kwenye mstari wa pili.

Nilimwambia niko na watoto. Akasema hata yeye. Tulikaa kidogo. Mke wangu alileta chai, hakuinywa.

Asubuhi nahodha alinipigia: wamefika salama, ziwa lilikuwa kama sahani. Ilipofika saa nne habari ya barua ilikuwa imezunguka bandari nzima, na wabeba mizigo walikuwa wameshampa jina, Papa Mahindi. Kila akipita: “Papa Mahindi, boti si ilifika?” Hata wanawake wanaosafiri na boti ile kila wiki, ambao barua ilikuwa kwa ajili ya maisha yao, walimkasirikia, kwa sababu idadi ikiheshimiwa nauli inapanda. Sikumbuki mtu aliyemtetea. Mimi sikumtetea.

Wiki ile ile akaitwa. Mnafikiri aliulizwa habari ya abiria 146? Hapana. “Nani alikutuma kuhesabu basoda?” Basoda ni wanajeshi. Kumbukeni wakati wenyewe: tangu Juni mji wa mpakani wa Bunagana ulikuwa umeshachukuliwa na waasi wa M23, kila mtu anamshuku jirani yake, na tangu Mei 2021 mkoa ulikuwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi, raia anaweza kusimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mstari mmoja wa barua, wanajeshi 11, uligeuza habari ya boti ikawa habari ya ulinzi wa taifa. Hiyo sheria ya siri mnayoiuliza kwetu ilitumika hivyo, kama turubai la kufunikia magodoro.

Alilala ndani siku mbili. Hawakumpiga, alisema mwenyewe. Aliporudi, zamu yake ilikuwa na mtu mwingine, na jina lake likaendelea kuwa “linashughulikiwa” mpaka alipochoka kuuliza.

Na mimi nikaitwa. Swali lilikuwa moja tu: manifesti ni sahihi? Nikasema ni sahihi. Nikasaini. Hapa ndipo nimekuwa nikifuta kwa siku tatu.

Sasa nirudi kwa sheria. Majirani wanazo. Uganda ilipitisha ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2010, Tanzania mwaka 2015. Kwetu, Gradi Koko na Navy Malela, wafanyakazi wa benki waliotoa nje habari za pesa chafu, walihukumiwa kifo Kinshasa mwaka 2020 wakiwa hawapo, na watu wakaja kujua Februari 2021. Hilo linatosha kumfanya ajenti wa bandari ameze mahindi yake. Lakini hata sheria nzuri naiogopa kwa jambo moja. Watu wanapenda mfichuzi ambaye boti yake imezama. Dieudonné Wafula, mtaalamu wetu wa volkano, alionya kabla ya lava ya 17 Januari 2002, hakusikilizwa, lava ikashuka mpaka ziwani katikati ya mji. Jina lake nimelisikia likitajwa kwa heshima. Je, kama Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ungenyamaza mwaka ule? Angekuwa Papa Mahindi wa volkano.

Tena tazameni Mei 2021. Mlima ulilipuka tarehe 22 bila mtu kutuonya. Pesa za mradi wa Benki ya Dunia kwa kituo cha uchunguzi wa volkano zilikuwa zimekatika mwaka 2020, wakakaa miezi hata bila intaneti ya kupokea data. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi akaamuru kata 10 za mji zihame, akiogopa mlipuko wa pili. Tulikimbia. Sisi tulilala Sake kwenye veranda ya kanisa na mvua ikatunyeshea, wengine Minova, wengine Rwanda. Mlipuko wa pili haukuja. Nyumba nyingine zilikuwa zimevunjwa na wezi. Tulinung’unika, ndiyo, ila hakuna aliyewekwa ndani kwa kuogopa kupita kiasi, wala haikustahili, maana mitetemo ilikuwepo na nyufa zilikuwepo. Mkubwa akikosea kwa tahadhari anaitwa mwenye busara. Ajenti mwenye kola iliyogeuzwa, “boti si ilifika?”

Nimesoma kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 haimdai mfichuzi kwamba hatari itimie. Inatosha awe na sababu za msingi kuamini, wakati anasema, kwamba anayosema ni kweli. Hicho ndicho kipande ningeomba tukinakili kwanza, kabla ya hata cha siri. Na saini ya shahidi nayo ilindwe, kwa sababu wenye mstari wa pili ndio wengi, nasi ndio tunaomwacha mtu peke yake. Iwekwe muhuri wa nani? Hilo tangu Januari 2025, mji ulipobadilisha mikono, sitaki kuliingia, mnaokaa hapa mnanielewa.

Nilianza na “bila masharti.” Jana usiku nikamfikiria yule mkubwa wa wanajeshi. Tuseme ile barua ya nakala tatu ingeangukia mikono mibaya: wanajeshi kadhaa, boti fulani, saa fulani, pwani fulani. Vijana wale walikuwa watoto wa watu. Aliyeuliza “nani alikutuma” alikuwa mwongo kwa siku ile, lakini swali lenyewe si la kijinga. Basi niseme: alindwe, ila mienendo ya jeshi aipeleke kwa njia ya kufungwa, isiende redioni. Nikiandika hivyo naona tatizo lake papo hapo. Njia ya kufungwa ndiyo aliyoitumia. Barua haikwenda redioni, ilikwenda ofisini, na ofisi ndiyo iliyompeleka. Na ukiondoa wale 11 kwenye 146, hesabu haitimii, watakwambia umedanganya. Kwa hiyo sharti langu ninaliweka na sijui litakaa wapi.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mnaikumbuka. Boti ya Merdi, kutoka Minova, barabara ikiwa imefungwa na vita, wote wamebanwa kwenye maji. Ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu wamesimama ufukweni wanaiona. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema waliopanda walikuwa 278, na idadi ya waliokufa ilitajwa hivi na vile kutegemea nani anazungumza. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi ya manifesti. Nilikwenda kama kila mtu. Nilimwona yeye upande wa wauza samaki, amesimama mikono mfukoni. Hatukusalimiana. Niliangalia kama mkono wa kulia unasogea. Ulikuwa umetulia.

Siku hizi anauza yunite za simu na betri karibu na Birere. Juzi nilimpigia nikamsomea haya yote, kwa sababu ni yake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, hata pale pa saini yangu. Akaniambia pa chai si kweli, aliinywa. Halafu akaniomba kitu kimoja, niondoe idadi ya wanajeshi. Nikamwambia bila hiyo hesabu haieleweki. Akafikiri, akasema basi ibadilishe.

Nimeibadilisha. Hawakuwa 11. Ile 146 ndiyo yenyewe.

Msomaji, Goma